Uzi, choya na simu moja: mwongozo wa klabu ya sayansi na hisabati ya Jumamosi

Watoto wengi wanaweza kukuandikia kanuni ya pendula ubaoni, lakini hawajawahi kufunga kitu kizito kwenye uzi wakakiachia kibembee huku wakihesabu. Hilo linaumiza, kwa sababu uzi upo, vitu vizito vipo, na nyenzo nzuri za kujifunzia ziko mtandaoni bila malipo. Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, kaka au dada wa mtaani anayetaka kukusanya watoto kumi au kumi na wawili, wa miaka 8 hadi 17, kwa dakika 90 kila Jumamosi, barazani au chini ya mwembe.

Klabu za namna hii hukwama kwa kuzidiwa na nyenzo. Mtu anapakua vitu ishirini, anavionesha vyote kwa siku moja, na watoto wanarudi nyumbani wakiwa wametazama tu. Kwa hiyo shikilia mpango huu: siku moja, swali moja, mkono kwanza, skrini baadaye. Usiugeuze hata kama watoto wanalilia simu. Kwenye skrini uzi hauvutiki, upepo hauvumi, na kila namba hutoka safi. Mtoto akiziona namba safi kabla hajapima mwenyewe, atachakachua vipimo vyake vifanane nazo. Akipima kwanza, skrini itamsaidia kuelewa kwa nini vyake vimetofautiana.

Gawa dakika 90 hivi: kumi za swali na makisio (kila mtoto aandike anachodhani kitatokea, kwa peni, asifute), arobaini na tano za kupima, kumi na tano za jedwali na mchoro, ishirini za skrini. Kundi liwe la watatu: mmoja anashika kifaa, mmoja anahesabu, mmoja anaandika. Wakiwa wanne, mmoja atakaa bure. Kila baada ya vipimo vitatu wabadilishane kazi, la sivyo wasichana watajikuta ndio waandishi wa kudumu.

Kupakua kabla ya Jumamosi

Tenga saa moja katikati ya wiki, mahali penye intaneti, na upakue vichache tu.

Cha kwanza ni PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. PhET hutoa simulesheni, yaani majaribio ya kuchezea kwenye skrini, na kadhaa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Chukua zile za HTML5. Zile za zamani za Java na Flash zitakusumbua bure. Kila moja hupakuliwa kama faili moja linalofunguka bila intaneti. Kwa kuanzia, pakua Pendulum Lab, pH Scale na Circuit Construction Kit: DC. Unaweza kuzituma kwa Bluetooth au kwa WhatsApp kama hati. Tatizo la kawaida: mtoto anabonyeza faili, simu inafungua kisomaji chake cha ndani, skrini inabaki nyeupe. Faili halijaharibika. Mwambie alifungue upya na achague kivinjari, kwa mfano Chrome.

Cha pili ni phyphox, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayofanya vihisi vya simu kuwa vifaa vya maabara. Ikishapakuliwa haihitaji bando. Simu za bei nafuu nyingi hazina kihisi cha mzunguko, kwa hiyo baadhi ya majaribio yake yatagoma. Ila maikrofoni kila simu inayo, na jaribio la sauti tutakaloeleza hapa chini halihitaji zaidi ya hiyo.

Cha tatu, kwa mwenye kompyuta, ni Kolibri ya shirika la Learning Equality. Hii ni maktaba inayokaa ndani ya kompyuta na kusomwa kwa simu za watoto bila intaneti. Ndani yake unaweza kuingiza masomo ya Khan Academy, yakiwemo ya Kiswahili, na simulesheni za PhET. Usipakue chaneli nzima, utajaza diski. Fungua chaneli, chagua mada moja kama sehemu au jometri, ingiza hiyo tu. Siku ya klabu fanya hivi:

1. Washa hotspoti ya simu yako ukiwa umezima data. Mtandao wa ndani utafanya kazi bila kula bando. Kwenye mipangilio ya hotspoti, zima chaguo la kujizima yenyewe ikikaa kimya, maana itakukatia katikati ya somo.
2. Unganisha kompyuta kwenye hotspoti hiyo, washa Kolibri, kisha tazama ukurasa wa taarifa za kifaa. Utaona anwani inayofanana na http://192.168.43.27:8080. Tarakimu za kwako zitatofautiana.
3. Iandike ubaoni kwa herufi kubwa. Watoto waiandike yote kwenye kivinjari, pamoja na http:// ya mwanzo.

Ukurasa ukigoma kufunguka kwenye simu zote, karibu kila mara ni kinga ya Windows, yaani "firewall", imeizuia Kolibri: iruhusu kwenye mtandao binafsi. Ukigoma kwenye simu moja tu, simu hiyo imegundua kuwa hotspoti haina intaneti ikarukia data yake. Izime data ya simu hiyo. Simu nyingi huruhusu vifaa vinane hadi kumi kwenye hotspoti moja, na hiyo ni sababu nyingine ya kukaa watatu watatu.

Kwa vitabu vya kiada, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na Kenya Education Cloud ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, zinatosha. Kwa wadogo wa chini ya miaka kumi, katuni za hisabati na sayansi za Ubongo, shirika la Dar es Salaam, ni nzuri kuanzia swali la siku, kwa dakika tano tu. Na ukiishiwa mawazo ya majaribio, Exploratorium ya San Francisco, makumbusho yaliyofunguliwa na Frank Oppenheimer mwaka 1969, inatoa bure maelezo ya majaribio madogo inayoyaita Science Snacks. Arvind Gupta wa India naye ameweka mtandaoni maelezo na picha za mamia ya vichezeo vya sayansi vya kutengeneza kwa takataka. Picha zake zinaeleweka hata na asiyejua Kiingereza.

Jumamosi ya kwanza: pendula

Tunaanzia hapa kwa sababu kifaa hakigharimu kitu, jibu linashangaza, na mtoto wa miaka 8 na kijana wa kidato cha nne wanaweza kufanya kazi ileile kwa vina tofauti. Swali la siku: *nini kinaamua kasi ya kubembea: uzito, upana wa bembea, au urefu wa uzi?* Wengi watakisia uzito. Waache wakisie hivyo.

Vifaa kwa kila kundi: uzi usiovutika wa mita 1.5 (wa fundi viatu ni mzuri, wa nailoni wa kuvulia huvutika polepole ukiwa na uzito), kufuli mbili zinazolingana, futi ya fundi nguo, na simu yenye saa ya kuhesabia sekunde.

Kuning'iniza ndiko kunakoharibu vipimo vingi. Uzi ukizungushwa kwenye msumari ulio mnene, unajikunja na kujikunjua kila unapobembea, na urefu unabadilika. Ubane uzi kati ya vipande viwili vya mbao vilivyofungwa kwa mpira, mbao zikae ukingoni mwa meza zikiwa zimewekewa tofali juu. Sasa sehemu ya kubembea inaanzia pale pale uzi unapotoka kwenye mbao.

1. Pima urefu kutoka ukingo wa mbao hadi *katikati ya kufuli*, si hadi fundo. Weka sentimita 100.
2. Vuta kufuli pembeni kama sentimita 15, uzi ukiwa umenyooka. Achia bila kusukuma.
3. Iache ipite mara moja au mbili. Inapofika upande wako, sema "sifuri" na uanzishe saa. Ikirudi upande wako sema "moja", na kuendelea hadi kumi. Zima saa kwenye "kumi".
4. Rudia mara tatu. Andika zote tatu, hata ile inayoonekana mbaya.
5. Fanya hivyo hivyo kwa sentimita 50 na 25, ukivuta kidogo zaidi kadiri uzi unavyofupika: kama sentimita 7 kwa 50, na 4 kwa 25.
6. Rudi kwenye 100, ongeza kufuli la pili. Lifunge *kando* ya la kwanza. Likining'inia chini yake, kitovu cha uzito kinashuka na umerefusha pendula bila kujua, kisha mtoto atakuambia uzito unapunguza kasi.

Wakipima vizuri, mabembeo kumi yatachukua takriban sekunde 20.1 kwa sentimita 100, sekunde 14.2 kwa 50, na sekunde 10.0 kwa 25. Kufuli la pili halibadilishi chochote. Hapo nyamaza. Waache watazame jedwali lao mpaka mmoja aone kuwa ili muda uwe mara mbili, uzi unatakiwa mara nne. Ukiwahi kusema wewe, umewanyang'anya kitu ambacho hakitarudi.

Wakubwa waende mbele na kupima mvutano wa dunia. Chukua urefu kwa mita, zidisha kwa 39.5 (ndiyo 4 mara π mara π), gawanya kwa muda wa bembeo moja uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa sekunde 2.01 utapata 9.78. Hicho ndicho kipimo cha mvutano karibu na ikweta, kidogo chini ya 9.81 ya vitabuni, ingawa uzi na kufuli haviwezi kutofautisha viwili hivyo. Chochote kati ya 9.6 na 10.0 ni kazi safi.

Majibu yaliyopotoka yana alama zake, na kuzisoma ni nusu ya somo:

Ukiona mvutano wa 12.1, wamesema "moja" badala ya "sifuri" walipoanzisha saa. Wamehesabu mabembeo tisa wakidhani ni kumi. Hili ndilo kosa linaloongoza.

Ukiona karibu 9.5, wamepima uzi hadi fundo wakaacha sentimita tatu za kufuli.

Ukiona karibu 9, wamevuta kufuli hadi pembe ya nyuzi 45. Bembea pana huchukua muda mrefu zaidi, takriban asilimia 4 kwa pembe hiyo, na kosa hilo huongezeka maradufu muda ukizidishwa kwa wenyewe.

Vipimo vitatu vya muda vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sekunde, kufuli inazunguka duara badala ya kwenda na kurudi. Mwachiaji anaipa msukumo wa pembeni.

Kisha skrini. Fungua Pendulum Lab, weka urefu wa mita 1.00, linganisha. Halafu badilisha dunia kuwa mwezi: bembeo moja litapanda hadi karibu sekunde 4.9. Mle ndani mna Sayari X ambayo mvutano wake haukuandikwa. Wape wakubwa kazi ya kuutafuta kwa kanuni ileile waliyoitumia kwa kufuli. Kazi hii moja inathibitisha nani ameelewa na nani amenakili.

Jumamosi ya pili: kupima mwendo wa sauti kwa simu mbili

Hapa tunatumia phyphox, sehemu ya saa ya sauti, Acoustic Stopwatch. Saa hii huanza ikisikia mlio na kusimama ikisikia mlio mwingine.

Laza simu mbili chini, umbali wa mita 5 kamili kutoka maikrofoni hadi maikrofoni. Maikrofoni ni tundu dogo lililo chini ya simu, na mara nyingi watu hupima kutoka katikati ya skrini. Mtoto wa kwanza achuchumae nyuma ya simu yake, wa pili nyuma ya yake, wote wakiwa kwenye mstari mmoja na simu. Akikaa pembeni, umbali unapotoka. Wa kwanza agonganishe mifuniko miwili ya sufuria, pigo moja kali: saa zote mbili zinaanza. Baada ya sekunde moja au mbili, wa pili agonganishe yake: zote mbili zinasimama.

Saa hizo hazitaonesha muda sawa, na hapo ndipo utamu ulipo. Simu ya kwanza ilianza mapema na ikachelewa kusimama. Ya pili ilichelewa kuanza na ikawahi kusimama. Tofauti yao ni muda wa sauti kwenda na kurudi, yaani mita 10. Tuseme moja inasoma 1.486 na nyingine 1.457. Tofauti ni 0.029. Gawa 10 kwa 0.029, unapata mita 345 kwa sekunde. Mwambao, kwenye nyuzijoto 30, jibu la kweli ni karibu 349. Arusha au Nairobi asubuhi yenye nyuzijoto 18, ni karibu 342.

Waoneshe vijana kuwa sehemu moja ya elfu ya sekunde ikipotea, jibu linaruka kutoka 345 hadi 357. Waulize wafanye nini. Watafika wenyewe: ongeza umbali hadi mita 10, rudia mara nane, tafuta wastani.

Linaloharibika sana hapa ni kelele. Bodaboda ikipita, saa zinaanza zenyewe. Panga muda wa alfajiri au baada ya mvua, kisha pandisha kiwango cha sauti kinachoamsha saa, kidogo kidogo, mpaka mazungumzo ya kawaida yasiiamshe. Saa ikianza na kusimama papo hapo kwa pigo moja, imesikia mwangwi wa ukuta au mtetemo wa mfuniko wenyewe: ongeza muda mfupi wa kusubiri kwenye mipangilio yake, na mshikaji aukumbatie mfuniko kifuani mara tu baada ya kupiga. Saa ya mbali isipoanza kabisa, umepandisha kiwango kupita kiasi.

Choya kama kiashiria

Choya, au rozela, lile ua jekundu la juisi linalouzwa kavu sokoni, hubadilika rangi kati ya asidi na besi. Loweka vijiko viwili vya chakula kwenye kikombe cha maji ya moto (mililita 250) kwa dakika 15, chuja. Usitie sukari.

Tia vijiko viwili vya chakula vya kila kimiminika kwenye kikombe cheupe, kisha matone 20 ya choya. Ndimu na siki zitabaki na wekundu mkali. Maji ya magadi, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, yatageuka buluu-kijani au kijani cha kiza. Maji ya majivu yaliyotuama na kuchujwa yatafanya vivyo hivyo. Andikeni rangi ndani ya dakika mbili, maana kijani hicho hufifia na kuwa njano chafu baada ya muda.

Kuna mtego ambao maelezo mengi ya mtandaoni hayautaji: choya yenyewe ni chachu. Ukitia kwenye maji ya kisima, asidi yake inayafunika maji, na mtoto ataandika kuwa kisima kina asidi. Ili kupima vitu vilivyo katikati, chukua choya kidogo pembeni, dondoshea maji ya magadi tone kwa tone ukikoroga, mpaka wekundu uanze kwenda zambarau, uache hapo. Sasa una kiashiria kilichotulia kinachosikia mabadiliko madogo.

Kwa vijana: nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, bila sindano. Weka mililita 20 za maji ya magadi yenye choya, kisha hesabu matone ya ndimu yanayorudisha wekundu. Rudia kwa limau na kwa maji ya embe bichi. Tone liwe la ukubwa uleule: bomba lisimame wima, asibonyeze mwingine. Ukwaju hufanya kazi pia, ila uwe mwepesi sana, la sivyo hudhurungi yake inaficha rangi. Povu likitoka, hiyo ni hewa ya ukaa. Subirini litulie kabla ya tone linalofuata.

Makatazo mawili, bila mjadala. Maji ya betri ya gari yasiguswe na mtoto. Na dawa ya kufanya nguo kuwa nyeupe, jiki, isikaribie ndimu wala siki: zikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Hata peke yake jiki huua rangi ya choya, kwa hiyo kama kiashiria haikufundishi kitu. Maji ya majivu nayo huunguza macho. Mkubwa ndiye ayachuje. Mkimaliza, pH Scale ya PhET itawaonesha namba zilizo nyuma ya rangi.

Hisabati inayoshikika

Kwa π, leteni sinia, sufuria, ndoo na kizibo cha chupa. Zungusha uzi mwembamba mara moja, upime, ugawe kwa kipenyo. Kipenyo kitafutwe kwa kutelezesha rula mpaka upate upana mkubwa kuliko wote. Mtoto akipima pembeni kidogo ya katikati, jibu litazidi 3.14. Rula nyingi za shule zimelika mwanzoni, kwa hiyo anzeni kwenye 1 na kutoa 1. Halafu liulizwe swali zuri: kwa nini sinia linatoa 3.13 au 3.15 na kizibo kinatoa 2.9 au 3.4? Milimita 2 za kosa kwenye kizibo cha sentimita 3 ni karibu asilimia 7. Kwenye sinia la sentimita 40 ni nusu ya asilimia. Hapo mtoto amejifunza makosa ya kipimo bila kusikia jina lake.

Bao ni hazina ambayo watu wa pwani tumekaa nayo karne nyingi na bado haijaingia vya kutosha kwenye vipindi vya hesabu. Mashimo 32, kete 64. Kama hamna bao, trei za mayai zinatosha: trei moja ina mashimo 30, sita kwa tano. Kata safu moja ibaki nne kwa sita, ongeza nne kwa mbili kutoka trei ya pili, gundisha. Wadogo wagawe kete 64 kwa mashimo na kutafuta nusu, robo na thumni. Wakubwa wachukue mashimo 16 ya mchezaji mmoja kama mzunguko, wayape namba 0 hadi 15, wajibu: nikitakata kete 11, yaani nikizigawa moja moja, kuanzia shimo linalofuata la 9, nitaishia wapi? 9 na 11 ni 20, toa 16, shimo la 4. Wakigundua kuwa kete 16 humrudisha mtu pale pale alipozitoa, wameingia kwenye hesabu za mabaki, na wachezaji hodari wa bao wanazifanya kichwani bila kuziita hivyo.

Kwa jometri na grafu, GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg, ni ya bure kwa kujifunzia, na ikisakinishwa hufanya kazi nje ya mtandao. Itumieni kuchora jedwali la pendula: muda uliozidishwa kwa wenyewe upande mmoja, urefu upande mwingine. Mstari utanyooka.

Umeme, kwa ufupi

Ndimu nne zilizolainishwa kwa kuviringishwa mezani, misumari minne ya bati (ile iliyopakwa zinki, ya kawaida haifai), vipande vinne vya waya wa shaba uliomenywa, na taa ndogo nyekundu ya LED kutoka kwenye kifaa kilichokufa. Unga shaba ya ndimu moja na msumari wa inayofuata. Mguu mrefu wa LED uende kwenye shaba ya mwisho, mfupi kwenye msumari wa kwanza. Kila ndimu hutoa karibu volti 0.9, lakini mkondo wake ni mdogo sana, kwa hiyo tazameni gizani, chini ya khanga. Isipowaka: geuza LED, kisha hakikisha shaba na msumari havigusani ndani ya ndimu. Taa nyeupe inataka karibu volti 3 na nguvu zaidi, itawakatisha tamaa. Ndimu hizo zitupwe, zinki imeyeyukia ndani. Soketi ya ukutani haihusiki na klabu hii hata siku moja. Mwenye hamu ya saketi kubwa aende Circuit Construction Kit.

Wanaotaka kuendelea

Baada ya wiki sita au saba utawajua wanaobaki nyuma kuuliza. Wape Scratch ya MIT, iliyotoka mwaka 2007. Inasakinishwa kwenye kompyuta bila kuhitaji intaneti baadaye, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Kazi ya kwanza iwe kutengeneza pendula inayobembea kwa muda waliopima wenyewe. Wa sekondari walio Tanzania waelekeze kwenye Young Scientists Tanzania, na walio Kenya kwenye Young Scientists Kenya, ambako wanafunzi huonesha uchunguzi wao wenyewe.

Atakayekwenda huko atahitaji daftari, kwa hiyo lianze Jumamosi ya kwanza. Kurasa za kushoto ziwe za vipimo vibichi, kwa peni, na tarehe, saa na majina ya waliopima. Kilichokosewa kipigwe mstari mmoja ili bado kisomeke. Kurasa za kulia ziwe za hesabu na michoro. Kila kundi liwe na mfuko wake wa uzi, kufuli na futi, wenye namba, na daftari likae ndani ya mfuko huohuo. Likienda nyumbani na mtoto mmoja, wiki ijayo akiugua, wenzake wawili watakaa bila kipimo cha kulinganisha.